Huntha, alama ya "I" na stakabadhi za Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wazazi, wauguzi, walimu wakuu na watu wazima ambao stakabadhi zao haziwiani na walivyo. Majibu yanahusu Kenya, isipokuwa pale tulipotaja nchi nyingine. Jambo moja litajirudia: karatasi ikikosewa hurekebishwa, mwili uliokatwa haurudi. Ndiyo maana tunawasihi wazazi wasikubali kuharakishwa kwenda kwenye chumba cha upasuaji ili tu fomu ijazwe.

Je, Kenya inatambua jinsia ya tatu?

Inamtambua huntha (kwa Kiingereza "intersex", ndiyo asili ya alama ya "I"), yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayawezi kuwekwa moja kwa moja upande wa kike au wa kiume. Haijamtambua mtu ambaye maumbile yake ni ya kawaida lakini hajioni kuwa mwanamume wala mwanamke. Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, na hata magazeti huyachanganya. Ukienda ofisini bila kujua uko upande upi utapoteza muda na nauli, kwa sababu sheria zinazomlinda huntha zinazungumzia mwili na ripoti ya daktari. Hazizungumzii jinsi mtu anavyojitambua moyoni.

Huntha ni nani kwa mujibu wa sheria?

Sheria ya Watoto ya 2022 inamweleza mtoto huntha kuwa ni yule ambaye maumbile yake ya kuzaliwa hayawezi kutajwa kuwa ya kike tu au ya kiume tu, kwa sababu ya mchanganyiko katika viungo, homoni, tezi za uzazi (ovari na korodani) au kromosomu. Sheria hiyo inaongeza kwamba hali hiyo inaweza kuonekana kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, utotoni, wakati wa kubalehe au utu uzimani.

Sehemu hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa. Wako wasichana waliolelewa bila mtu yeyote kushuku lolote, wakafika miaka 16 au 17 bila kupata hedhi, na kipimo kikaonyesha kromosomu za XY, ambazo kwa kawaida ni za kiume. Wako pia watoto walioandikwa wasichana, na wakati wa kubalehe sauti ikawa nzito na misuli ikajaa. Karani akikwambia kwamba huntha hujulikana siku ya kuzaliwa tu, mwonyeshe kifungu cha 2 cha sheria hiyo.

Haki hizi zilipatikanaje?

Mahakamani, na polepole. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Richard Muasya, huntha aliyekuwa katika gereza la Kamiti na ambaye alipekuliwa na kudhalilishwa mbele ya wengine. Mahakama ilikataa kuanzisha kundi la tatu la jinsia, lakini ilikubali kwamba alitendewa unyama na ikaamuru alipwe shilingi 500,000.

Kisha ikaja kesi ya mtoto anayejulikana kwa jina la Baby A. Alizaliwa mwaka 2009, na mahali pa jinsia kwenye karatasi za hospitali pakaandikwa alama ya kuuliza. Hebu fikiria mama anaondoka na mtoto mgongoni na karatasi yenye "?" mkononi. Bila jinsia hakuna cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hakuna mlango unaofunguka. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola alimwamuru Mwanasheria Mkuu aitaje taasisi itakayokusanya takwimu za huntha, na pia aeleze hatua za kuweka miongozo kuhusu usajili na matibabu yao.

Mwaka huohuo, Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ilimtaja huntha waziwazi. Mwaka 2017 Mwanasheria Mkuu aliunda jopokazi, na ripoti yake ikapendekeza alama ya "I" iongezwe kwenye stakabadhi pamoja na "M" (mwanamume) na "F" (mwanamke). Sheria ya Watoto ikafuata mwaka 2022, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kuitambua alama hiyo.

Mtoto wetu amezaliwa leo na muuguzi hajui aandike nini. Tuanze wapi?

Anzeni na afya, karatasi ifuate. Sababu ya kawaida ya sehemu za siri kutoeleweka kwa mtoto mwenye kromosomu za XX (kwa kawaida za kike) ni tezi za adrenali kushindwa kutengeneza homoni ya kotisoli. Katika aina kali ya ugonjwa huu mwili hupoteza chumvi, na mtoto anaweza kufa kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Dalili ni kutapika, kukataa kunyonya, kulegea na kupungua uzito. Zinafanana mno na za kuhara au maambukizi ya kawaida, hivyo mtoto hutibiwa kitu kingine huku muda ukiyoyoma.

Kwa hiyo, kama sehemu za siri hazieleweki na korodani hazishikiki kwa vidole, ombeni mambo haya kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani:

- Kipimo cha sodiamu, potasiamu na sukari katika damu, na kirudiwe katika wiki mbili za kwanza hata kama cha kwanza kilikuwa sawa. Sodiamu ikishuka na potasiamu ikapanda, hiyo ni dharura.
- Kipimo cha homoni ya 17-OHP. Damu itolewe baada ya saa 48 tangu kuzaliwa, kwa sababu kabla ya hapo homoni hii huwa juu kwa watoto wengi na jibu hupotosha.
- Picha ya mawimbi ya sauti ya tumbo na nyonga, kuona kama kuna mji wa mimba na tezi ziko wapi.
- Kipimo cha kromosomu. Majibu yake huchelewa, hivyo msisubiri yatoke ndipo mtoto mwenye dalili aanze dawa.

Ugonjwa huo ukithibitishwa, mtoto hupewa haidrokotisoni na fludrokotisoni, pamoja na chumvi ya ziada katika miezi ya mwanzo. Dawa hizo ni za maisha. Akiugua homa au akitapika, dozi ya haidrokotisoni huongezwa kwa maelekezo ya daktari. Usiiache siku hata moja.

Na usajili wenyewe?

Hospitalini, muuguzi hujaza fomu ya taarifa ya kuzaliwa na mzazi hupewa karatasi ya kuthibitisha taarifa hiyo. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu wa eneo. Una miezi 6. Ikipita, usajili huwa wa kuchelewa, unaohitaji ushahidi zaidi na safari zaidi.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Watoto kinamtaka Msajili Mkuu achukue hatua kuhakikisha watoto huntha wanasajiliwa na kupewa stakabadhi sahihi. Ombeni huntha iandikwe pale pa jinsia. Msikubali pabaki wazi, na msikubali alama ya kuuliza. Kama fomu iliyopo ina nafasi mbili tu, mwambieni muuguzi aandike kwa mkono, daktari atie sahihi na muhuri, nanyi mpige picha karatasi hiyo kabla haijaondoka wodini. Picha hiyo imewahi kuwa ushahidi pekee uliobaki baada ya jalada kupotea.

Je, mtoto akiandikwa "I" atabaki hivyo maisha yote?

La. Alama hiyo inasema ukweli uliopo leo. Watoto wengi huntha hukua wakijijua kuwa wasichana au wavulana, na mlango wa kurekebisha rekodi haufungwi. Familia nyingine huamua mtoto aandikwe wa kike au wa kiume kufuatana na ushauri wa madaktari, na hilo nalo halina kosa, mradi mtoto asifanyiwe upasuaji wa kulinganisha mwili na neno lililoandikwa.

Daktari anasema afanyiwe upasuaji mapema ili cheti kitoke. Ni kweli?

Si kweli. Hakuna sheria ya Kenya inayodai upasuaji ili mtoto apate cheti cha kuzaliwa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Watoto kinakataza kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto huntha bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki, na anayekiuka anatenda kosa la jinai.

Upasuaji wa dharura upo, kwa mfano pale njia ya mkojo imeziba, na huo msiucheleweshe. Lakini upasuaji wa kufanya sehemu za siri zionekane za kike au za kiume unaweza kungoja hadi mtoto aweze kusema mwenyewe anachotaka. Madhara yake tunayajua: makovu, kupoteza hisia, maumivu, upasuaji wa kurudia na utasa, tena mara nyingine upande uliochaguliwa si ule mtoto anaokuja kuushika. Muulizeni daktari maswali matatu na mwombe majibu kwa maandishi: tukingoja miaka 10 kutakuwa na hatari gani kwa uhai wake? Ni kiungo gani hasa kitaondolewa? Na bingwa wa jenetiki amesema nini? Jibu la swali la kwanza likiwa ni aibu ya majirani, rudini nyumbani na mtoto wenu.

Mimi ni mtu mzima. Cheti changu kinasema "F" na maisha yangu yote ni ya kiume. Nifanye nini?

Kama wewe ni huntha, unaomba kosa la rekodi lisahihishwe. Tumia maneno hayo hasa. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inaruhusu kusahihisha makosa yaliyoingia kwenye daftari, na anayeandika kwamba "nimebadilika" au "nataka kubadili jinsia" hujifungia mlango huo, kwani karani atamjibu kwamba sheria haina utaratibu wa kubadili. Wewe hukubadilika. Aliyekuandika ndiye aliyekosea, au alikosa taarifa.

Kusanya hivi:

1. Cheti cha kuzaliwa cha sasa na nakala zake.
2. Ripoti ya daktari bingwa, iliyotiwa sahihi na muhuri, yenye namba ya usajili wa daktari.
3. Kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kinachoeleza ulizaliwa wapi na lini, uliandikwaje, kosa liligunduliwa lini na vipi, na unaomba nini kiandikwe.
4. Kiapo cha mzazi, au cha mtu mwingine anayekufahamu tangu utotoni ikiwa wazazi hawapo.
5. Karatasi za zamani zenye ushahidi: kadi ya kliniki, barua za rufaa, ripoti za shule.

Peleka maombi ofisi ya Msajili wa Vizazi na Vifo ya kaunti ulikozaliwa, kwa barua yenye tarehe, na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tangu siku ya muhuri huo ndipo muda wa kujibiwa huhesabiwa. Bila muhuri, mwaka unaweza kupita ukaambiwa hakuna maombi yaliyowahi kufika.

Ripoti ya daktari inapaswa kusema nini?

Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Ripoti ya mistari miwili inayosema "mgonjwa ana utata wa jinsia" haitoshi. Inayofaa hutaja hali kwa jina lake la kitabibu, hueleza kwamba ni ya kuzaliwa nayo, hutaja vipimo vilivyofanywa na tarehe zake, na humalizia kwa sentensi moja inayoeleweka na asiye daktari: kwamba jinsia iliyoandikwa wakati wa kuzaliwa haikuwa sahihi, na iliyo sahihi ni hii. Maelezo marefu ya sehemu za siri hayahitajiki, na picha kamwe zisiambatishwe. Jalada litapita mikononi mwa watu wengi, nawe una haki ya faragha.

Nianze kurekebisha stakabadhi ipi?

Cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho cha taifa hutegemea cheti; pasipoti, namba ya KRA, usajili wa laini ya simu, benki na bima ya afya ya SHA hutegemea kitambulisho, maana mifumo hiyo huchota taarifa zako kwenye sajili kuu ya watu. Ukianzia benki au kwa kampuni ya simu, watarekebisha leo, na siku mfumo utakapolinganishwa tena na sajili kuu jinsia ya zamani itarudi.

Vyeti vya shule vina njia yao, nayo unaweza kuianza wakati unasubiri kitambulisho.

Vyeti vya KCPE na KCSE je?

Baraza la Mitihani, KNEC, ndilo linalohusika. Rejea kubwa ni kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia na jina, na ambaye cheti chake cha KCSE kilikuwa na jina la zamani na alama ya "M". Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru KNEC impe cheti chenye jina jipya na kisicho na alama ya jinsia. Mahakama iliona kwamba kanuni za mitihani hazikulazimisha alama hiyo, na kuiondoa hakukupunguza thamani ya cheti hata kidogo.

Audrey hakuwa huntha. Kwa hiyo hukumu hii inawafaa wote: huntha, waliobadili jinsia, na wale wasiojitambua kwa upande wowote. Ukiandika kwa KNEC, itaje kesi hiyo na omba mambo mawili tofauti: jina, na kuondolewa kwa alama. Ukiyachanganya katika aya moja utajibiwa la jina tu.

Kubadili jina kunahitaji ripoti ya daktari?

Hapana. Mtu mzima hubadili jina kwa hati inayotayarishwa na wakili, ikasajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hakuna sheria inayosema jina fulani ni la kike au la kiume. Kwa watu wengi jina ndilo linalopunguza aibu ya kila siku kuliko hata herufi ya jinsia, kwa kuwa jina ndilo linaloitwa kwa sauti katika foleni ya hospitali. Hifadhi nakala ya tangazo la Gazeti. Utaombwa tena na tena.

Karani amesema mfumo haukubali. Nifanyeje?

Omba sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inampa afisa miezi 3 kukujibu. Mara nyingi ombi hilo pekee hulifanya jalada lisogee, kwa sababu sasa kuna jina la mtu atakayewajibika. Taja pia Ibara ya 35 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zisizo za kweli zinazomhusu, na Ibara ya 12, inayompa raia haki ya pasipoti na stakabadhi za usajili.

Jibu lisipokuja, una milango mitatu isiyodai wakili: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ambayo inalifahamu suala la huntha vizuri kuliko ofisi nyingine yoyote, Tume ya Haki ya Utawala, na Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu jinsia kuwa data nyeti, inakupa haki ya kurekebishiwa data potofu, na inamtaka Kamishna amalize uchunguzi wa malalamiko ndani ya siku 90. Mlango huu bado hautumiwi inavyostahili, nasi tunauamini, hasa dhidi ya kampuni na shule.

Ombi la Mahakama Kuu chini ya Ibara ya 22 libaki la mwisho. Ukifika huko, omba jina lako lifichwe kwa herufi, kama ilivyofanywa kwa Baby A.

Shule ya bweni imekataa mtoto wetu. Wanasema aende shule ya kutwa.

Kifungu cha 21 cha Sheria ya Watoto kinampa mtoto huntha haki ya kutendewa kwa heshima, na kupata matibabu, malezi maalumu na elimu. Mwandikieni mwalimu mkuu mkitaja kifungu hicho, na pendekezeni mambo yanayotekelezeka badala ya kudai tu: bafu lenye mlango unaofungwa, kitanda karibu na chumba cha matroni, ruhusa ya kuoga saa tofauti, na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye. Watu wanaojua wasizidi wawili au watatu, na mtoto aambiwe ni akina nani. Mtoto huntha anayebaguliwa au aliye katika hatari hiyo anahesabika kuwa mtoto anayehitaji ulinzi, hivyo afisa wa watoto wa kaunti ndogo anaweza kuingilia kati.

Nikikamatwa, polisi wana haki ya kunivua nguo ili wajue mimi ni nani?

Hawana. Chini ya Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 tuliyoitaja, huntha ana haki ya kuchagua jinsia ya afisa atakayempekua, na anapaswa kuwekwa mahali tofauti na wengine. Sema hivi tangu mwanzo: "Mimi ni huntha. Naomba nipekuliwe na afisa wa kike," au wa kiume, upendavyo. Mwambie wakili ahakikishe ombi hilo limeingia kwenye kitabu cha matukio.

Mimi si huntha. Sijioni kuwa mwanamume wala mwanamke. Kuna lolote kwa ajili yangu Kenya?

Hakuna alama ya jinsia unayoweza kuomba. Kujitambua hivyo si kosa la jinai, ila hakukupi kipengele katika kitambulisho. Alama ya "I" usiiombe: maombi yatarudi kwa kukosa ripoti ya daktari, na kiapo cha uongo kina adhabu yake.

Yaliyo ndani ya uwezo wako ni haya. Jina unaweza kubadili. KNEC unaweza kuiomba iondoe alama. Kwa mwajiri, chuo, kliniki au programu ya simu, tumia kanuni ya Sheria ya Ulinzi wa Data kwamba anayekusanya data achukue ile tu anayoihitaji: uliza jinsia inahitajika kwa kazi gani, na kama haina kazi, iondolewe. Ni ushindi mdogo, lakini kila fomu inayopungua ni asubuhi moja isiyo na mabishano dirishani.

Na aliyebadili jinsia?

Utaratibu wa kisheria wa kubadili alama haupo bado. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret, mbele ya Jaji Reuben Nyakundi, ilimpa fidia ya shilingi 1,000,000 mtu aliyebadili jinsia ambaye alikamatwa mwaka 2019 na kufanyiwa uchunguzi wa mwili kwa kulazimishwa. Mahakama iliagiza serikali ipeleke bungeni sheria ya kulinda watu waliobadili jinsia, au ipanue muswada kuhusu huntha uwahusu nao. Agizo si sheria. Likitekelezwa, jibu hili litabadilika.

Sensa inasema tuko wangapi?

Sensa ya Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza kuwa na nafasi ya huntha: 1,524 kati ya watu 47,564,296. Idadi hiyo ni ndogo kuliko hali halisi. Anayejibu karani wa sensa ni mkuu wa nyumba, mbele ya majirani, na wengi hufichwa au hawajijui.

Tanzania na Uganda wako wapi?

Tanzania haina kipengele cha tatu. Uganda, kupitia Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015, inaruhusu rekodi ya mtoto huntha ibadilishwe kutoka jinsia moja hadi nyingine baada ya upasuaji uliothibitishwa na daktari. Sheria hiyo inaweka kisu mbele ya karatasi, na mzazi anayehitaji cheti husukumwa kwenye uamuzi ambao si wake. Tunaiona kuwa mfano wa kuepukwa.

Ninaishi Ujerumani kwa kibali cha ukaazi. Naweza kuandikishwa huko?

Huenda ukaweza, hata usipokuwa huntha. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 mtu mzima hutangaza mwenyewe jinsia yake katika ofisi ya usajili, Standesamt, bila ripoti ya daktari wala mahakama. Kuna chaguo nne: kiume, kike, "divers" (yaani si ya kike wala ya kiume), au kuacha wazi. Mgeni anaruhusiwa akiwa na haki ya kuishi bila ukomo, au kibali kinachoweza kuongezwa muda huku akiishi nchini humo kihalali, au ile kadi ya buluu ya Umoja wa Ulaya.

Kwanza unatoa taarifa, kwa mdomo au kwa maandishi. Unasubiri miezi 3. Kisha unakwenda mwenyewe kutoa tamko. Ukipitisha miezi 6 tangu taarifa, inakufa na unaanza upya. Ofisi za miji mikubwa zina foleni, kwa hiyo weka miadi ya tamko siku ileile unayotoa taarifa. Ukishaandikishwa huwezi kubadili tena kabla ya mwaka 1. Walio chini ya miaka 18 wana masharti yao: aliyefika miaka 14 hutoa tamko mwenyewe kwa idhini ya wazazi, na wazazi wakikataa mahakama ya familia inaweza kuamua.

Pasipoti yako ya Kenya au Tanzania haiguswi na tamko hilo. Utakuwa na "divers" mjini Köln na "M" au "F" uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tembea na nakala ya tamko, pamoja na barua ya Standesamt ikiwa jina nalo limebadilika.

Pasipoti inaweza kuwa na "I"?

Viwango vya kimataifa vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinakubali herufi tatu tu: M, F na X. Kwenye mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, X huandikwa kwa alama ya <. Herufi "I" haimo, hivyo haiwezi kuhamishwa kutoka cheti cha kuzaliwa kwenda pasipoti kama ilivyo.

Nchi kadhaa hutoa X, Kanada ikiwemo tangu 2019. Marekani ilianza Aprili 2022 na kuacha baada ya amri ya rais ya Januari 20, 2025. Kesi ziliendelea, lakini Novemba 2025 Mahakama ya Juu iliruhusu sera hiyo mpya itumike wakati zikisikilizwa. Ukiwa na pasipoti yenye X, nunua tiketi kwa jinsia iliyo kwenye pasipoti hiyo. Kama tovuti ya shirika la ndege haina nafasi ya X, wapigie simu wairekebishe kabla ya siku ya safari, na uulize pia kuhusu nchi utakakobadilishia ndege.